Tovuti na jukwaa la wahudumu wa ICU za watoto: tuanzie wapi?

MwanaICU_Kanda ameuliza:

Habari za kazi wakuu. Tuko kikundi cha wauguzi, madaktari na wafamasia wa ICU (vyumba vya wagonjwa mahututi) za watoto kutoka hospitali kadhaa za rufaa Tanzania na Kenya, pamoja na wenzetu wachache wa Bujumbura na Goma. Kwa sasa tunaishi kwenye kundi moja la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia tatu. Kila kitu kimo humo: maswali ya wagonjwa, PDF za miongozo, matangazo ya semina, pole za misiba na salamu za Ijumaa. Mtu akiuliza namna ya kuchanganya dripu ya adrenalini kwa mtoto wa kilo sita, jibu lipo, lilishatolewa zaidi ya mara moja, ila majibu yenyewe hayafanani na hakuna anayejua lipi ni sahihi.

Tunataka tovuti ya kuhifadhia maarifa na mahali pa kujadiliana. Naomba ushauri kwa haya:

Tuandike nini kwanza? Tutumie mfumo gani, ikizingatiwa wengi wana simu za Android za bei ya chini na bando wananunua wenyewe? Picha za wagonjwa tufanyeje? Na tuzuie vipi isife baada ya mwaka, kama zilivyokufa nyingi?

Mfadhili hatuna. Tuna watu sita walio tayari kujitolea saa chache kwa wiki.

---

DktOksijeni amejibu:

Mkuu, tovuti iache kwanza. Kaeni muorodheshe vitu ambavyo mtu wa zamu ya usiku anavitafuta akiwa amesimama kando ya kitanda, mkono mmoja una glavu. Havizidi kumi na viwili: dripu za adrenalini na noradrenalini, degedege lisilokoma, sukari kushuka, shoki (damu kutozunguka vya kutosha), ketoasidosisi ya kisukari (asidi kujaa kwenye damu), kuanzisha CPAP (hewa ya msukumo wa kudumu inayomsaidia mtoto kupumua), mipangilio ya kwanza ya mashine ya kupumulia, potasiamu kupanda, sumu ya dawa za wadudu, kuongeza damu, kusafirisha mgonjwa, na mrija wa hewa unapoziba au kutoka. Kila kimoja ukurasa mmoja. Mkimaliza hivyo kumi na viwili vizuri mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko tovuti yenye PDF mia nne.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosea. Kila ukurasa lazima useme juu kabisa umeandikwa kwa mazingira gani. Si mapambo hayo. Angalieni maji ya dripu. Kwa miaka mingi tulifuata maelekezo yaliyotoka kwenye hospitali zenye mashine za kupumulia: mtoto mwenye shoki apewe maji ya haraka, 20 hadi 40 mL kwa kilo. Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ukaonyesha kwamba waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa ambao hawakupewa. Hospitali zile hazikuwa na ICU.

Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa Surviving Sepsis (sepsisi ni maambukizi yanayofanya viungo vya mwili vishindwe kufanya kazi) kwa watoto wa mwaka 2020 una njia mbili. Penye ICU, hadi 40 au 60 mL kwa kilo katika saa ya kwanza, kidogo kidogo, 10 hadi 20 kila mara, huku ukimkagua mtoto na kuacha dalili za maji kuzidi zinapotokea. Pasipo na ICU na presha haijashuka, hakuna maji ya haraka, anapewa ya kawaida ya siku. Pasipo na ICU na presha imeshuka, hadi 40 kwa saa ya kwanza, kwa tahadhari ileile. Mtu akipiga picha ya skrini ya mstari wa kwanza na kuutuma kwenye kundi lenye watu wa hospitali za wilaya, ametuma maelekezo ya kudhuru bila kukusudia.

CPAP ya mapovu ni hivyo hivyo. Utafiti wa Dhaka uliochapishwa 2015 ulionyesha inasaidia watoto wenye nimonia kali, wakiwa chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari. Ule wa Malawi uliochapishwa 2019, katika hospitali ya wilaya ambako daktari hakuwepo kila siku, ulitoa jibu la kinyume: vifo asilimia 17 kwa CPAP, 11 kwa oksijeni ya kawaida. Wazo ni lile lile, chupa ya maji na mirija ya puani. Kwa hiyo video yenu ya "jinsi ya kutengeneza CPAP" isipotamka nani amkague mtoto na kila baada ya muda gani, ni afadhali isiwepo.

Kichwa cha ukurasa kiwe hivi, msikibadilishe kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine:

*SHOKI KWA MTOTO ALIYE NA MAAMBUKIZI*
*Kwa: wodi au ICU yenye oksijeni, palsi oksimita na kipimo cha presha cha saizi ya mtoto. SI kwa: utapiamlo mkali, anemia kali, ketoasidosisi (kuna kurasa zake).*
*Ameandika: muuguzi wa ICU. Wamehakiki: daktari bingwa wa watoto, mfamasia.*
*Chanzo: (mwongozo na mwaka wake).*
*Umehakikiwa: mwezi na mwaka. Upitiwe tena kabla ya: mwezi na mwaka.*

Tarehe ya kupitiwa ikipita, ukurasa ujipake mstari mwekundu wenyewe. Vigezo vya sepsisi ya watoto vilibadilika Januari 2024 vilipotoka vya Phoenix, ambavyo vimeachana na SIRS (dalili za jumla kama joto, mapigo na pumzi) ya mwaka 2005 na kutumia alama za viungo kushindwa kufanya kazi. Kurasa zinazofundisha SIRS bado zimejaa mtandaoni, na hazina tarehe.

---

Mfamasia_wa_Wodi amejibu:

Naongezea kwa Daktari, kwenye kurasa za dawa, kwa sababu huko ndiko watu huumia.

Ukali wa dawa uandikwe kwa mg kwa mL. Msiandike "1:1000" peke yake. Adrenalini ya ampuli ya kawaida ni 1 mg/mL. Ya kufufua mtoto ambaye moyo umesimama ni 0.1 mg/mL, unaipata kwa kuchukua mL 1 ya ampuli na kuongeza mL 9 za salaini, kisha unampa 0.1 mL kwa kilo. Anayechanganya ukali huo wa aina mbili amekosea mara kumi.

Swali la kilo sita mlilolitaja. Kwa ICU yenye pampu ya sindano ya mL 50, kanuni ni 0.3 mg kwa kila kilo ndani ya mL 50. Kilo 6 × 0.3 = 1.8 mg, yaani mL 1.8 ya ampuli, ongeza salaini au dekstrozi 5% mL 48.2. Ukiiendesha mL 1 kwa saa, mtoto anapata 0.1 mikrogramu kwa kilo kwa dakika. Hesabu ionekane kwenye ukurasa, si jibu tu, ili mwenzako aweze kuirudia kabla ya kufungua dripu: 1.8 mg ndani ya mL 50 ni mikrogramu 36 kwa mL, gawa kwa dakika 60 unapata 0.6, gawa kwa kilo 6 unapata 0.1.

Hospitali nyingi za Marekani ziliacha mchanganyiko unaofuata uzito wa mtoto, wakahamia ukali mmoja uliopangwa kwa watoto wote, ili kupunguza hesabu kitandani. Mkitaka kufuata njia hiyo ni sawa, ila mkubaliane wote. Njia mbili ndani ya tovuti moja ni mbaya kuliko yoyote kati ya hizo mbili.

Wasio na pampu wawe na ukurasa wao. Seti ya matone madogo inatoa matone 60 kwa mL, hivyo tone moja kwa dakika ni mL 1 kwa saa, na hakuna mtu anayeweza kulinda tone moja kwa dakika usiku kucha. Dawa ile ile, 0.3 mg kwa kilo, ikiwekwa ndani ya mL 500, inahitaji matone 10 kwa dakika kufikia 0.1. Hilo linahesabika. Lakini sasa mtoto wa kilo 6 anaingiziwa mL 240 kwa siku kwa dawa hiyo peke yake, ambayo ni 40 kwa kilo, na lazima ikatwe kwenye maji yake ya siku. Ukurasa usiposema hivyo umeacha nusu ya kazi.

Noradrenalini ina mtego wake. Lebo nyingine zinahesabu kama tatreti, nyingine kama noradrenalini yenyewe, na 2 mg ya tatreti ni sawa na 1 mg ya noradrenalini. Pigeni picha ya boksi la dawa mnayoipokea kutoka bohari na muiweke kwenye ukurasa. Msambazaji akibadilika, picha ibadilike.

Kikokotoo cha dozi: mtatamani kukiweka, kila mtu hutamani. Mimi ningeanza na jedwali la kilo 3 hadi 40 linalochapika kwenye karatasi moja, ambalo watu wawili wamelikagua kila mtu peke yake. Mkilazimika kuweka kikokotoo, kijaribuni kwa mambo haya kabla ya kukitoa. Andika 2800 kwenye uzito, kama mtu aliyefikiria gramu: kinatakiwa kukataa, si kutoa dozi ya tembo. Andika uzito mkubwa uone kama kinasimama kwenye kikomo: diazepamu ya 0.3 mg kwa kilo kwa mtoto wa kilo 40 inafika 12 mg, na inatakiwa ikome 10. Kisha andika 2,8 kwa mkato. Wenzetu wa Bujumbura na Goma wamesoma kwa Kifaransa na wanaandika desimali kwa mkato, na programu nyingi za JavaScript zikikutana na mkato hukata hapo hapo na kusoma 2. Mtoto wa kilo 2.8 anahesabiwa kama wa kilo 2, na skrini haionyeshi kosa lolote.

---

fundi_seva amejibu:

Upande wa mtandao, nitakuwa mfupi kidogo.

Tovuti iwe ya kurasa tuli. Hugo au kitu kama hicho: mnaandika maandishi ya kawaida, inazalisha HTML, mnaiweka popote. Hakuna hifadhidata ya kudukuliwa, hakuna programujalizi za kuhuisha kila wiki, na kuihifadhi mahali pengine ni kunakili folda. WordPress ni nzuri kama mna mtu wa kuihudumia. Asipokuwepo, miezi michache tu utakuta kurasa za kamari ndani ya tovuti ya watoto wagonjwa.

Uzito wa ukurasa: chini ya KB 200, picha zikiwemo. Michoro iwe SVG, picha ziwe WebP zenye upana usiozidi pikseli 800. Fonti za kupakua acheni, simu ina zake. Wekeni uwezo wa kufunguka bila mtandao: mtu akiifungua mara moja, kurasa zote kumi na mbili zinabaki kwenye simu. Hapo pana hatari moja ambayo Daktari ataipenda: simu inaweza kuendelea kuonyesha toleo la zamani wakati nyie mmesharekebisha dozi. Kwa hiyo namba ya toleo ionekane juu, na simu ikipata mtandao iulize toleo jipya kwanza kabla ya kuonyesha la zamani. Ijaribuni kwenye simu yenye RAM ya GB 1 au 2. Simu ya daktari bingwa haitawaonyesha shida.

Video. Dakika 8 kwa kasi ya 5 Mbps ni kama MB 300. Dakika hizo hizo kwa 500 kbps, ukubwa wa 480p, ni MB 30, na mkono unaofunga mirija ya CPAP unaonekana vizuri tu. Sauti ndiyo isipunguzwe ubora: maikrofoni ya waya ya bei ndogo iliyobanwa kwenye kola inashinda kamera ya gharama. Kata video ndefu iwe vipande vya dakika mbili au tatu, kila kipande hatua moja. Maandishi ya chini yawepo, maana wodini watu hutazama sauti ikiwa imezimwa.

Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la chama au taasisi. Likisajiliwa kwa barua pepe ya mtu mmoja, siku akienda masomoni nje na bili ya mwaka ikapita, kikoa kinachukuliwa na mwingine. Nywila ziwe kwa watu wawili wasiofanya kazi hospitali moja.

Jukwaa la majadiliano: Discourse ni zuri, linahitaji seva yenye RAM ya GB 2 ili lipumue, na lina barua pepe za kutuma, ambazo ndizo zitawasumbua kuliko seva yenyewe. Kama watu sita ndio nguvu yote, hilo liahirisheni mwaka mzima.

---

MwanaICU_Kanda amejibu:

Asanteni sana, nimeshachukua mengi. Swali la picha bado. Watu wanatuma eksirei, picha za monita, wakati mwingine uso wa mtoto. Nikiwaambia waache wananiambia nimeua elimu. Na kama Discourse tunaiahirisha, kundi la WhatsApp tulifanyeje?

---

Afisa_Faragha amejibu:

Wengi wenu mna sheria za kuzingatia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, Tanzania ya 2022. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na mtoto hawezi kuridhia mwenyewe, anaridhia mzazi au mlezi. Kuridhia matibabu si kuridhia picha kusambazwa kwa watu mia tatu wa nchi nne. Fomu iwe ya pekee, kwa lugha anayoielewa mzazi, iseme picha inaenda wapi, na iseme anaweza kubadili mawazo. Mwambieni ukweli pia: picha ikishatumwa WhatsApp hamuwezi kuirudisha kutoka kwenye simu za watu.

Vitendo vyenyewe ni hivi. Eksirei ina jina na namba ya jalada kwenye kona, ikateni kona hiyo kabisa, msiifunike. Kisanduku cheusi kilichowekwa juu ya picha ndani ya PowerPoint kinaondolewa kwa kubofya mara moja. Monita za kisasa huandika jina juu ya skrini. Mkanda wa mkononi wa mtoto husomeka ukivuta picha. Picha kutoka simu hubeba mahali na saa ilipopigwa, na hizo hubaki ukiituma kama faili badala ya picha. Zimeni kuhifadhi picha kwenye galari ndani ya mipangilio ya kundi, la sivyo picha ya mtoto mgonjwa inaishia kwenye simu inayochezewa na watoto wa nyumbani.

Jina pekee halitoshi kufichwa. "Mtoto wa miaka 3 kutoka kijiji fulani, aliyeng'atwa na fisi wiki iliyopita" anajulikana na wilaya nzima. Andikeni umri kwa miezi au miaka, uzito, kiwango cha hospitali. Tarehe ziwe siku ya kwanza, siku ya pili. Kijiji hakihitajiki kumtibu.

Na uso, kwa kweli, ni nadra sana kuwa na sababu ya kitabibu. Rangi ya kucha, kifua kinavyoingia ndani, upele: hivyo vinapigwa bila uso.

---

Sista_wa_Zamu amejibu:

Nampinga fundi kidogo kwa heshima. Tovuti tuli nzuri, lakini wauguzi hawataikumbuka anwani yake. Mlango utabaki kuwa WhatsApp, mpende msipende. Kwa hiyo mgawanyo uwe hivi: WhatsApp ni kwa kuuliza, tovuti ni kwa kukumbuka. Jibu zuri halimaliziki kwenye kundi. Msimamizi akiona swali limejibiwa ipasavyo, analiandika upya kama ukurasa au nyongeza ya ukurasa, linahakikiwa, na kiungo kinarudi kwenye kundi. Safari nyingine mtu akiuliza, jibu ni kiungo, si mtu kuandika upya kutoka kichwani saa tisa usiku.

Ligawanyeni kundi. La matangazo, ambamo wasimamizi peke yao wanaandika. La maswali ya kitabibu. La mambo mengine yote, pole na hongera zikae humo, na msizifute, kwa sababu watu hubaki kwa ajili ya hizo. Kundi moja la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024, hamjafika. Telegram inabeba watu wengi zaidi, ila ukiwahamisha watu kwenda programu ambayo hawana unawapoteza nusu.

Swali lisilo na muundo hupata majibu yasiyo na maana. Bandikeni hili juu ya kundi:

*Umri, uzito. Tatizo kwa sentensi mbili. Vipimo vya sasa: mapigo, pumzi, presha, oksijeni (na anapumua hewa ya kawaida au lita ngapi), joto, sukari, fahamu. Umeshafanya nini na saa ngapi. Una nini hapo: pampu, CPAP, damu, maabara. Swali lako moja.*

Sehemu ya "una nini hapo" ndiyo inayookoa muda. Bila hiyo, mtu wa hospitali ya kanda anashauri kipimo cha gesi za damu kwa mtu ambaye hata glukomita imeisha vijiti.

Na sheria moja isiyojadiliwa: kundi si namba ya dharura. Mtoto anayezidiwa, piga simu kwa daktari wa zamu au hospitali ya rufaa, ukimaliza ndipo uandike. Kimya cha dakika ishirini kwenye kundi mwulizaji hukisoma kama "hakuna la kufanya", kumbe watu wako kwenye raundi.

Wasimamizi wawe kwa zamu ya wiki, wawili wawili, muuguzi na daktari. Muuguzi awe na haki sawa ya kusahihisha. Makundi mengi hunyamaza kwa sababu daktari bingwa mmoja alimjibu muuguzi kwa dharau mbele ya watu, na tangu siku hiyo wauguzi wanasoma tu. Msimamizi amwandikie bingwa huyo pembeni siku hiyo hiyo. Kundini amshukuru aliyeuliza.

Kikao cha mtandaoni kimoja kwa mwezi, saa moja. Mtindo wa ECHO, ulioanzia New Mexico mwaka 2003 kwa wagonjwa wa homa ya ini, unafaa: mada ya dakika 15, kisha kisa halisi kinajadiliwa na wote, na hospitali ndogo ndizo zinazoleta visa. Anayeleta kisa apelekewe fomu siku tano kabla, asaidiwe kuondoa utambulisho. Washiriki wazime kamera kuokoa bando, msemaji aonyeshe slaidi tu. Jioni msiweke, ni muda wa kukabidhiana zamu. Na tangazo liandike saa kwa namna isiyo na utata: "14:00 Nairobi na Dar, 13:00 Bujumbura na Goma." Mkiandika "saa nane" tu, mtu wa Goma ataingia kikao kimekwisha.

Ombeni alama za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) kwenye mabaraza ya taaluma kabla ya kikao cha kwanza. Mabaraza yanataka majina ya wawezeshaji, malengo na mahudhurio, na huenda yasitoe alama kwa kikao kilichokwisha kufanyika. Alama zitawaleta watu kuliko bango lolote mtakalotengeneza.

---

DktOksijeni amejibu:

Sista amemaliza. Kitu kimoja: msitunge kilichokwisha kutungwa. OPENPediatrics ya Hospitali ya Watoto ya Boston ni ya bure, ina video za taratibu za ICU na zana ya kufanyia mazoezi ya mashine ya kupumulia. Kenya ina Basic Paediatric Protocols za wizara. KEMRI-Wellcome na Oxford wana mchezo wa simu wa LIFE, unaofundisha huduma ya dharura kwa mtoto. Makala za majarida zinapatikana kupitia Hinari (mpango wa WHO wa kusoma majarida ya afya) kwa taasisi za nchi zinazostahili, mkutubi wenu anajua nywila.

Wekeni kiungo, msipakue na kupakia upya kwenye tovuti yenu bila kusoma leseni. Machapisho mengi ya karibuni ya WHO yana leseni inayoruhusu tafsiri isiyo ya kibiashara, kwa sharti mtaje kwamba WHO haikuitengeneza tafsiri hiyo na haiwajibiki nayo, na tafsiri yenu iwe na leseni hiyo hiyo. Majina ya dawa kwenye tafsiri yaachwe kama yalivyo kwenye lebo ya chupa.

---

MwanaICU_Kanda amejibu:

Shukrani wakuu. La mwisho: wodi mbili hazina mtandao kabisa ndani, kuta nene. Tunafikiria kuchapisha kurasa na kuzibandika ukutani. Kuna ubaya?

---

Sista_wa_Zamu amejibu:

Hakuna ubaya, bandikeni, ila karatasi haijui kwamba tovuti imebadilika. Kila karatasi iwe na namba ya toleo na tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa zinazosomeka ukiwa umesimama mlangoni, na msimbo wa QR kwa atakayetoka nje kwenye mtandao. Iwekwe lamineti, maana itafutwa kwa jiki kila siku. Kila wodi iwe na mtu mmoja aliyeandikwa jina kwenye daftari la wodi, na orodha ya karatasi zilizobandikwa na mahali zilipo: ukuta wa kitanda cha kwanza, troli ya dharura, mlango wa friji ya dawa. Toleo jipya likitoka, anabandika jipya, anang'oa la zamani na kulikata vipande viwili, kisha anatuma kwenye kundi picha ya ukuta, si ya karatasi tu. Picha ya ukuta itawaonyesha kama la zamani bado liko pembeni, nyuma ya kalenda.

Na troli ya dharura ikaguliwe ya kwanza. Huko ndiko karatasi za zamani hukaa muda mrefu zaidi, chini ya boksi la glavu.